Maji ya Kisima Chetu na Utando Uchujao



Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya watoto na likizo za skuli. Mazungumzo hayo yatangoja, kwani limetupata jambo ambalo si vyema kulinyamazia, na lau sisi tungelinyamaza, wako wengi kijijini petu wasiokuwa tayari kunyamaza. Tumeharibu chombo cha watu. Tumekiharibu kwa mkono wetu wenyewe, kwa nia njema na kwa kutojua, na twaona ni haki ya wale waliotoa mali zao kusikia khabari kwa ukamilifu, pamoja na yale tuliyojifunza baadaye kwa gharama yao.

Kijiji chetu ki upande wa mashariki wa Pemba, penye mawe ya matumbawe na udongo haba. Kisima chetu kilichimbwa na babu zetu, na sisi tulipokuwa wadogo maji yake yalikuwa matamu hata wapitao njia wakiomba kata ya pili. Leo ni ya chumvi. Haikuja siku moja. Kwanza wazee walisema chai imebadilika ladha, kisha sabuni ikakataa kutoa povu, na mwisho hata mbuzi wakawa wananusa na kwenda zao.

Sababu yake yafahamika. Katika nchi ya mawe kama yetu mvua huzama chini, na maji hayo matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kwa kuwa matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi. Kwa hisabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huchukuliwa na mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Tafsiri yake ni ya kutisha: ukiteka sana hata yakashuka mita 1, bahari nayo hujongea juu kwa mita 40 pindi mambo yanapotulia. Babu zetu walikuwa wakiteka kwa kamba na ndoo. Sisi tukaweka pampu.

Kabla hatujaendelea, yapasa kuondoa dhana moja, maana tumeulizwa mara nyingi chuoni. Kwa udhu na kwa josho maji ya chumvi hayana neno. Bahari yenyewe ni twahara na ni yenye kutwaharisha, na jambo hilo halina mjadala. Taabu yetu si ya ibada, ni ya koo na ya mwili. Maji ya kisima chetu yalipopimwa yalionekana kuwa na gramu 4 za chumvi katika kila lita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, pamoja na iliyomo chakulani. Basi anayekunywa lita 2 za maji hayo amekwisha kunywa gramu 8 kabla hajagusa mchuzi. Huko Bangladesh, kwenye mwambao unaoingiliwa na bahari kama wetu, watafiti wameona kwamba wajawazito wanaokunywa maji ya chumvi hupatwa zaidi na kupanda kwa damu, maradhi yanayoweza kumwua mama na mtoto. Kwa hivyo msomaji asidhani tunalalamikia ladha ya chai.

Tulijaribu kila tulilolijua. Tulichuja kwa kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nne. Tulichemsha. Mmoja wetu alinunua chujio la mshumaa wa udongo, na muuzaji alimwapia kuwa chumvi yote itabaki juu. Haikubaki hata chembe.

Kila mwanamke wa Pemba anakijua kifumbu. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikaingizwa kifumbuni na kukamuliwa; tui hushuka, machicha hubaki. Huko ndiko kuchuja tulikozoea, na kunafaa kwa kila kitu kilicho na umbo lake mbali na maji: machicha, mchanga, majani ya chai, hata vijidudu vya maradhi ikiwa matundu ya chujio ni madogo ya kutosha. Lakini chumvi iliyoyeyuka si machicha. Tia chumvi katika nazi kabla ya kukamua, kisha onja tui. Chumvi imevunjika vipande vidogo mno, kila kipande kimezungukwa na maji na kwenda nayo popote yaendapo. Kitambaa huzuia tope, mshumaa wa udongo huzuia vijidudu, na chumvi huvipita vyote viwili pasi na kubisha hodi. Kuchemsha huzidisha ubaya: kiondokacho kwa mvuke ni maji matupu, na yanayobaki sufuriani yamekuwa makali zaidi.

Ndipo ndugu zetu walioko Maskati walipotuletea fedha. Wao wanayajua mambo haya vizuri kuliko sisi, kwani mji wanaokaa unakunywa bahari. Mtambo wa Ghubra ulianza kazi mwaka 1976, nao ulikuwa ukichemsha maji ya bahari na kuukusanya mvuke. Mitambo iliyofuata, kama ule wa Sur wa mwaka 2009, husukuma maji katika utando. Chombo walichotuletea kilikuwa kidogo, cha namna hii ya pili: pampu, gamba refu la plastiki, na ndani yake utando uliokunjwa kama mkeka. Upande mmoja maji ya kisima yaliingia. Upande wa pili palitoka mabomba mawili. Moja lilitoa maji matamu, la pili likitoa maji makali zaidi kuliko ya kisimani, nayo yalikwenda kumwagwa.

Hilo la pili ndilo lililotukwaza. Tulisimama pale kila siku baada ya alasiri tukiangalia nusu ya maji ikimwagika, ilhali sisi ndio tunaowafundisha watoto kwamba israfu ya maji ni makuruhu hata ukiwa ukingoni mwa mto. Palikuwa na kifungio chenye mkono mwekundu kwenye bomba lile. Tukakizungusha kidogo. Maji matamu yakaongezeka, tukamshukuru Mungu, na siku ya pili tukakizungusha zaidi. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimefungwa karibu chote. Hakuna aliyetuzuia, nani atamzuia maalim wake asiokoe maji?

Mwezi haukwisha kabla ya akina mama kurudi wakisema maji ni ya chumvi. Kisha yakawa haba. Kisha chombo kikawa kinanguruma na hakitoi kitu. Fundi aliyekuja kutoka Chake Chake alilifungua gamba, akautoa utando na kuukunjua mbele ya watu. Ulikuwa umegandwa na ukoga mweupe mgumu, kama ule unaoganda ndani ya birika. Akauliza ni nani aliyefunga bomba la taka. Tukasema ni sisi.

Aliyetufahamisha kwa nini si fundi bali ni kijana mmoja tuliyemsomesha juzuu yake ya kwanza, ambaye sasa anasoma ilimu ya kemia Unguja. Alikaa nasi barazani usiku mmoja na kalamu ya risasi. Tutajaribu kueleza kama alivyoeleza, nasi elimu yetu ya dunia ni ya skuli ya msingi tu, kwa hivyo mwenye kujua zaidi atuvumilie.

Alianza na achari. Ukizikata embe mbichi na kuzipaka chumvi, baada ya muda utakuta bakuli lina maji ambayo hukuyatia wewe. Yametoka ndani ya embe. Ngozi nyembamba za chembe za embe hupisha maji kwa urahisi na kuizuia chumvi kwa kiasi kikubwa, na maji huelekea palipo na chumvi nyingi. Wataalamu huita osmosisi. Mtu wa kwanza kuiandika alikuwa padri wa Kifaransa, Jean-Antoine Nollet, mwaka 1748. Alijaza mvinyo chomboni, akafunga mdomo wake kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha chombo majini. Kibofu kikavimba kwa maji yaliyoingia. Msomaji atuwie radhi kwa vyombo vya padri huyu. Mvinyo na nguruwe ni vyake, ilimu aliyoipata ni ya kila mtu.

Huo mvuto wa chumvi una nguvu kiasi gani? Mholanzi van 't Hoff aliipatia kanuni yake katika miaka ya 1880, na mwaka 1901 alipewa tunzo ya Nobel ya kemia, ikiwa ndiyo ya kwanza kutolewa. Kijana wetu hakutupimia kwa vipimo vya maabara bali kwa kina cha bahari, kwa sababu alijua kwamba barazani walikuwapo wazamiaji wa pweza. Kila gramu 1 ya chumvi katika lita, alisema, inavuta kwa nguvu sawa na uzito wa maji yenye kina cha mita 8 hivi. Kisima chetu kina gramu 4, basi kinavuta kwa mita 32. Bahari ina gramu 35, na mvuto wake ni karibu na mita 270. Ukitaka maji yatoke upande wa chumvi na kwenda upande mtamu, kinyume cha tabia yake, yakupasa usukume kwa nguvu iliyozidi hiyo. Ni kifumbu kile kile, ila sasa mkono unaokamua ni pampu.

Hapo mzamiaji mmoja akauliza swali ambalo kijana alilifurahia sana. Mlango wa bahari ulio baina yetu na Tanga una kina kinachopita mita 500. Kwa nini basi tusishushe bomba lenye utando mwishoni, bahari ikajikamua yenyewe bure? Jawabu ni kwamba maji matamu yangeingia bombani kweli kweli, lakini yangesimama mita 270 chini ya uso wa bahari, na wewe ungebaki na kazi ya kuyapandisha. Kazi ile ile umeihamisha mahali.

Kisha akaandika hisabu mbili. Kuziandika hisabu za namna hii ndiko wataalamu wanakokuita kujenga kielelezo: hawaoni kinachotendeka ndani ya utando, basi hueleza kwa namba, wakalinganisha na maji yanayotoka bombani. Hisabu ya kwanza ni ya maji. Maji yanayopita hufuata msukumo wa pampu baada ya kuutoa mvuto wa chumvi. Ya pili ni ya chumvi. Chumvi nayo hupenya kidogo, maana hakuna utando unaozuia yote, ila kupenya kwake hakujali pampu. Kunafuata tofauti ya chumvi ya upande huu na upande ule tu, kama alivyoonyesha Mjerumani Adolf Fick mwaka 1855, kwamba kitu kilichoyeyuka huenda kutoka palipo kingi kuelekea palipo kichache, na tofauti ikiwa kubwa mwendo nao huwa mkubwa.

Msomaji asizipite hisabu hizi upesi, kwani ndani yake mna ajabu. Tukadirie pampu inasukuma kwa mita 72. Toa mvuto wa mita 32, zabaki 40. Tuseme kila mita 10 zinazobaki hutoa ndoo 1 ya lita 20 kwa saa: tumepata ndoo 4, yaani lita 80. Tuseme chumvi inayopenya ni gramu 8 kwa saa. Basi kila lita ina gramu 0.1. Sasa ongeza pampu isukume kwa mita 112. Zabaki 80, tumepata ndoo 8, lita 160. Chumvi? Ni gramu 8 zile zile, na kila lita sasa ina gramu 0.05. Tulikuwa tukidhani kwamba ukikamua kwa nguvu zaidi uchafu nao utapita zaidi, kama mtu anayekamua kifumbu mpaka machicha yakamtoka. Hapa ni kinyume. Ukisukuma zaidi, maji yanazidi kuwa matamu.

Sasa turejee kwenye mkono mwekundu. Maji yakipita na chumvi ikibaki, chumvi hiyo itakwenda wapi? Haina pa kwenda ila bomba la taka. Ukichukua nusu ya maji kuwa matamu, iliyobaki ina gramu 8 katika lita badala ya 4. Ukichukua robo tatu, robo iliyobaki ina gramu 16. Ukichukua sehemu tisa katika kumi, kama tulivyotaka sisi kwa kujiona wema, iliyobaki ina gramu 40, nayo ni kali kuliko bahari tunayovulia. Gramu 16 zinavuta kwa mita 128, na pampu yetu ilikuwa ikisukuma kwa 112. Tulikuwa tumeishinda pampu yetu wenyewe kwa chumvi tuliyokataa kuimwaga.

Na kabla ya kufika huko madhara yalikuwa yamekwisha kuanza, maana chumvi haitawanyiki sawa sawa, bali hurundikana usoni mwa utando kama watu mlangoni wakati wa kutoka sala ya Idi. Maji yanayopita kwa kasi kuelekea taka ndiyo yanayoifagia. Tuseme usoni pamefika gramu 12: mvuto ni mita 96, katika 112 zimebaki 16, ndoo 8 zimekuwa ndoo 1 na zaidi kidogo ya nusu, lita 32. Chumvi ya usoni imekuwa mara tatu, na inayopenya imekuwa mara tatu vile vile, gramu 24. Gawanya: gramu 0.75 katika kila lita, mara 15 ya ilivyokuwa. Akina mama walionja hisabu hiyo kabla yetu. Pamoja na hayo, maji ya nchi ya matumbawe yana chokaa iliyoyeyuka, nayo ikibanwa sana huganda. Huo ndio ukoga tuliouona.

Tuseme neno juu ya asili ya tando hizi. Waliotengeneza wa kwanza wenye kufaa walikuwa Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, huko California, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, huko huko California, ambao maji ya ardhini mwake ni ya chumvi na uliwahi kuletewa maji ya kunywa kwa gari la moshi, ukawa wa kwanza kunywesha watu wake kwa chombo hiki. Mwaka huo huo Lonsdale, Merten na Riley waliandika kielelezo alichotuonyesha kijana wetu. Walisema utando hauna matundu: maji huyeyuka ndani yake kama sukari katika chai, yakajipenyeza hadi upande wa pili, na chumvi nayo hivyo hivyo ila kwa uzito zaidi. Wengine walikuwa wakisema la, matundu yapo, ila ni madogo mno. Kauli ya kwanza ilishika vitabu kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao wakatangaza kwamba vipimo vyao vinaipinga, na kwamba maji hupita kwa makundi katika vijitundu, yakisukumwa na tofauti ya msukumo. Sisi tuliolelewa katika vitabu vya fikihi hatushangai kuona ikhtilafu baina ya maulamaa. Kinachotupendeza ni kwamba waliokhitilafiana katika sababu hawakuukhitilafia mkono mwekundu.

Si kila kilichoyeyuka huzuiwa sawa. Chumvi ina umeme wake na hushikamana na maji, kwa hiyo huzuilika. Boroni iliyomo baharini haina umeme huo katika maji ya kawaida, nayo hupenya kwa wepesi zaidi. Huko Arusha taabu ya watu ni floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano, inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio kwa ajili yake, akapata tunzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Chujio lake hurekebishwa kwa kufuata maji ya mahali, na hilo ni funzo kwa anayetaka kununua chombo kwa kusikia sifa tu: apime kwanza maji yake yana nini. Na figo za bandia, ambazo Mholanzi Willem Kolff alizianza mwaka 1943 katikati ya vita, ni utando vile vile. Damu upande mmoja, maji yaliyotengenezwa upande mwingine, na uchafu wa damu ukienda palipo kichache kwa kanuni ile ile ya Fick. Jirani yetu mmoja huvuka kwenda kwa ajili hiyo. Alipoisikia hisabu barazani alitikisa kichwa tu.

Baki la khabari ni hili. Tulisimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa tukakiri. Wako waliotusamehe papo hapo, na yuko mmoja aliyesema kwamba maalim ashughulike na alifu na be, naye tumemsikia. Utando mpya umenunuliwa, sehemu moja kwa fedha zilizobaki, na sehemu moja kwa kuuza ng'ombe wetu.

Palikuwa na kosa la pili ambalo hakuna aliyeligundua mpaka kijana alipouliza: maji ya taka yalikuwa yakimwagwa wapi? Hatua kumi kutoka kisimani, chini ya mnazi. Katika mawe kama yetu yalikuwa yakirudi kule kule yalikotoka. Sasa bomba limepelekwa hadi ufukweni, chini ya alama ya maji makuu, na pampu haiwashwi zaidi ya saa 4 kwa siku, asubuhi 2 na jioni 2, ili kisima kipate kupumua. Ndugu zetu wa Maskati wametukumbusha kwamba bahari nayo ina siku zake: mwaka 2008 na 2009 maji mekundu ya vijimea vya baharini yalizisimamisha baadhi ya tando za pwani ya Omani, na hapakuwa na hisabu ya chumvi iliyowaonya.

Bibi mmoja aliyewahi kuwa mkunga ndiye mwenye daftari la maji. Ana kalamu ya umeme ya kupimia chumvi, naye hupima kila Alkhamisi mabomba yote mawili na kisima chenyewe, akaandika. Utando ulipofungwa maji matamu yalisoma gramu 0.06 katika lita. Wiki tisa baadaye yanasoma 0.07. Kisima kingali na 4, hakijashuka wala hakijapanda. Ule mkono mwekundu fundi ameung'oa. Uko kwa bibi huyo pamoja na daftari, na hatujui ameuweka wapi.